Je, niwasomee akina mama wa muheme makala yangu kabla haijachapishwa?

Msikilizaji wa Ng'ong'ona

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uandishi wa habari katika chuo kimoja hapa Dodoma, na nimo katika mwezi wa nne wa mpango wa miezi sita ambao mwanafunzi anayetaka kuandika kuhusu muziki anakabidhiwa kwa mwandishi mzoefu ili amlee kikazi. Nimefika mahali ambapo, kuhusu kuwasomea akina mama wanaopiga muheme (ngoma ya Wagogo wa hapa Dodoma) makala ninayoandika kuwahusu, mlezi wangu anasema hivi na moyo wangu unasema vile, na ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuandika, kuhariri, au wao wenyewe kuandikwa.

Nianze na malezi yenyewe, kwa sababu swali langu limezaliwa humo. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, niliyoifanya mwaka wa pili ilikuwa kazi ya kupokea taarifa kutoka kwa mameneja wa wasanii na kuzigeuzageuza sentensi: fulani ameachia kibao kipya, fulani anatamba na ngoma kali, fulani amekonga nyoyo za mashabiki. Nilidhani huko ndiko kuandika muziki. Mlezi wangu wa sasa, ambaye ameandika kurasa za burudani za magazeti kwa zaidi ya miaka 20 na anaishi Dar es Salaam, huongea nami kwa simu kila Jumatano jioni kwa saa nzima, na wiki ya kwanza kabisa alinitajia maneno ambayo sitayatumia mpaka mpango uishe: tamu, kali, matata, ya aina yake, kukonga nyoyo. Nikamwuliza nitasemaje kama sauti ni tamu kweli. Akaniambia niseme sauti hiyo inafanya nini: inapanda au inashuka, inaingia kabla ya ngoma au baada yake, inatoka kooni au kifuani, nani anaipokea na anaipokelea wapi.

Kisha akanitaka nichague wimbo mmoja niusikilize mara tatu kila siku kwa siku saba, mara ya kwanza bila kalamu, mara ya pili nikifuata chombo kimoja tu, mara ya tatu nikifuata maneno. Nilichagua wimbo wa marehemu Hukwe Zawose kutoka katika rekodi alizofanya na kampuni ya Real World ya Uingereza. Nakiri kwa uchungu kwamba mimi nasoma Dodoma, mkoa aliozaliwa mzee huyo kabla ya kwenda Dar es Salaam na baadaye Bagamoyo alikofariki Desemba 2003, lakini maelezo marefu ya kwanza niliyoyapata kuhusu ilimba yake, kile kisanduku chenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, niliyasoma kwa Kiingereza. Siku ya tano nikaanza kusikia mlio wa kukwaruza chini ya kila noti, kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Nikafikiri visikilizio vyangu vimeharibika, nikaazima vya mwenzangu wa chumbani, mlio uko palepale. Jumatano nilipomweleza mlezi hakunijibu. Alisema nimtafute anayetengeneza ilimba nikamwulize yeye.

Nilimpata fundi huyo. Aligeuza kisanduku cha ilimba, akanionyesha tundu dogo lililofunikwa kwa utando mweupe wa buibui, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, akaupuliza kidogo ukatetemeka. Akaniambia bila utando ule ilimba inalia kama bati tupu. Siku ile nilielewa kwa nini nilikuwa nimekatazwa neno "tamu", maana ningelitumia, nisingelitafuta tundu lile.

Sasa nije kwenye makala. Kazi yangu kubwa ya mpango huu ni kuandika kuhusu kikundi kimoja cha akina mama wanaopiga muheme katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Nimekwenda mara tatu. Baada ya safari ya kwanza nilituma kurasa nne zinazoeleza vitenge, shanga, vumbi na idadi ya wapigaji, na mlezi akanijibu kwa sentensi moja: "Nimeona mavazi, sijasikia ngoma." Safari ya pili nilifika mapema, nikawakuta wakiwasha mabua ya mtama na kuzizungusha ngoma zao juu ya moto. Mama kiongozi alikuwa akiigonga ngozi kwa kidole kimoja, anainamisha sikio, anairudisha motoni, anagonga tena, mpaka alipoitikia kwa kichwa na kuibana ngoma katikati ya mapaja yake, na wenzake wote wakaacha kuongea. Nikaandika hilo na mengine niliyoyasikia, na mlezi akasema sasa tunaanza. Safari ya tatu nilikwenda na mwanafunzi mwenzangu anayezungumza Kigogo, kwa sababu mimi nimekulia Tabora na lugha hiyo siijui, tukayaandika maneno ya nyimbo nne pamoja na maana zake.

Tulipokuwa tunaaga, yule mama kiongozi akanishika mkono, akasema: "Mjukuu wangu, wengi wamekuja hapa na mashine zao za kunasa sauti, hatujawahi kuona walichokwenda kuandika. Wewe ukimaliza, kabla hujakipeleka, njoo utusomee." Nikaitikia kwa kichwa.

Mlezi wangu amekataa. Anasema mwandishi hapeleki rasimu kwa anayeandikwa ili aipitishe, kwa sababu leo ni bibi wa kijijini na kesho ni meneja wa msanii mkubwa, na ukishamruhusu wa kwanza huna hoja ya kumkatalia wa pili. Siwezi kusema anakosea. Nilipokuwa fildi niliona kwa macho yangu habari ikitumwa kwa meneja wa msanii na kurudi bila aya iliyowahusu wacheza shoo ambao hawakuwa wamelipwa, na hakuna mtu ofisini aliyeuliza aya imekwenda wapi. Lakini pia siwezi kuusahau ule mkono.

Makala inatakiwa baada ya wiki mbili. Je, niende nikawasomee, au nisiende? Na kama ni kwenda, niwasomee nini?


Mhariri Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimeisoma habari yako mara mbili, na kwanza nikupongeze kwa ile siku ya tano, kwa sababu nimewahi kufanya kazi na watu waliokaa kwenye dawati la burudani miaka 10 bila kuufikia utando wa buibui.

Mlezi wako yuko sahihi, na ningependa uelewe ukali wake umetoka wapi, maana wa kizazi changu hatukuzaliwa na kanuni hiyo, tuliipata kwa kuumia. Kabla ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi, redio ya taifa ndiyo iliyokuwa njia ya mwanamuziki kusikika nchi nzima, na bendi zilirekodiwa kwenye studio zake. Aliyeshika funguo za chumba cha kanda alikuwa mtu mkubwa kuliko mpiga gitaa. Vituo vilipokuwa vingi, funguo hizo zikagawanyika kwa watangazaji na madijei, kisha kwa waandishi wa kurasa za burudani, na pamoja nazo ikaja ile bahasha tunayoiita "nauli" ili isionekane ni kitu kingine. Nimeona vijana wenye masikio mazuri wakiharibika kwa nauli ya shilingi 10,000. Ukishaipokea, hata usipoombwa lolote, kalamu yako inajua. Na kumpa mtu rasimu aipitishe ni ndugu wa bahasha: hakuna fedha inayobadilishana mikono, lakini makala haiwi yako tena.

Hata hivyo, nadhani mlezi wako amejibu swali ambalo bibi hakuliuliza. Bibi hakusema "njoo tuipitishe", alisema "njoo utusomee". Kuna vitu ambavyo mwandishi mwangalifu hurudi kuvihakikisha kwa wenyewe kila mara, navyo ni majina, maneno waliyoyasema, na maana ya maneno yaliyo katika lugha yao. Hayo ni mali yao, na ukiyakosea umewakosea wao na umemkosea msomaji. Kuna vingine ambavyo huvipeleki popote, yaani maoni yako, mpangilio wa makala, na yale ambayo watu wengine wamesema kuwahusu. Hayo ni jukumu lako na la mhariri wako.

Kwa hiyo nenda, lakini nenda na daftari, si na makala. Wasomee walichokisema wao na tafsiri ulizoziandika. Usiache karatasi kule, wala usimtumie mtu yeyote picha ya kurasa kwa simu, maana kesho utaikuta mbele ya diwani. Waambie mapema, kabla hujafungua daftari, kwamba umekuja kusahihisha makosa na kwamba uamuzi wa kiandikwe nini ni wako. Mtu mzima akielezwa mapema hachukii. Makala ikishachapishwa, irudishe, uisome yote mwanzo hadi mwisho, mbele yao, kwa sauti. Na siku hiyo ya pili usiifute, kwa sababu ukiangalia vizuri, bibi alilalamikia watu wasiorudi.

Jambo moja dogo la mwisho. Mlezi wako yuko Dar es Salaam na anakulea kwa simu. Mweleze mkono ule jinsi ulivyotueleza sisi. Huenda ulimpa swali likiwa kavu, naye akakupa jibu kavu.


Fundi Ilimba

Mbukwa mjukuu wangu. Mimi ni Mgogo wa upande wa Mvumi, natengeneza ilimba na zeze, na kabla sijajibu nikushukuru kwa kuutaja utando wa buibui, kwa sababu siku hizi wapo vijana wanaobandika kipande cha mfuko wa plastiki kwenye tundu lile na kusema ni sawa. Si sawa.

Mheshimiwa Mhariri amesema vizuri, ila hapo kwenye kutenganisha "tafsiri" na "maoni yako" ningependa aniruhusu nimpinge kwa heshima. Katika nyimbo zetu mambo hayo mawili hayakai mbalimbali kirahisi. Mgogo akiimba hasemi jambo kwa jina lake. Anaimba ng'ombe, anaimba mvua, anaimba mbuyu ulioanguka, na watu wa pale wanajua anasemwa nani. Mwenzako anayejua Kigogo amekupa maneno, lakini kama hakuzaliwa katika kijiji kile hana fumbo. Ukichukua maneno ya juu na kujenga maoni yako juu yake, nyumba yote imesimama kwenye mchanga. Kwa hiyo mimi nasema wasomee hata zile aya zako ambamo umeeleza wimbo unahusu nini, si tafsiri peke yake. Usizibadilishe kwa kuwa hawakuzipenda, zibadilishe zikiwa za uongo tu.

Nikuulize jambo kuhusu sauti. Umeandika kwamba wanaimba sauti mbili? Wengi huishia hapo. Safari ijayo msikilize anayeitikia. Ngazi yetu ya sauti ina madaraja machache, nayo imetokana na sauti ambazo uzi mmoja unazo ndani yake wenyewe, zile unazozisikia kwenye ndono, ule upinde wenye kibuyu, uzi ukiwa unalia mrefu na sauti nyingine nyembamba zikipanda juu yake. Anayeitikia hafuati wa kwanza kwa umbali uliopimwa, anaruka daraja moja la ngazi hiyohiyo na kusimama kwenye linalofuata, na kwa kuwa madaraja hayana nafasi sawa, sauti mbili mara zinakaribiana na mara zinaachana. Gerhard Kubik wa Austria ameliandika jambo hili, na Polo Vallejo wa Hispania ameufanyia muziki wa Wagogo wa Nzali kazi ndefu. Dkt. Kedmon Mapana, ambaye ni Mgogo mwenyewe, ameandika utafiti kuhusu jinsi muheme ulivyobadilika, kutoka mambo ya jando na unyago hadi kupigwa kanisani, kwenye sherehe na kwenye mikutano ya siasa. Lakini mkulima wa uwele pale kwangu akitaka kusoma habari hizo kwa Kiswahili chepesi, atazisoma wapi? Ndiyo maana nimefurahi kwamba unaandika, na ndiyo maana nitasikitika ukikosea.

Nakushauri pia, kama hujawahi, uende kwenye tamasha la muziki wa Wagogo linalofanyika Chamwino. Utavisikia vikundi vya vijiji vingi kwa siku chache na utaanza kutofautisha muheme wa huku na wa kule. Kwa kikundi kimoja peke yake huwezi kujua kipi ni cha muheme na kipi ni cha bibi yule.


Dada wa Kongwa

Mimi sina mengi, ila nina jambo lililonipata ambalo linahusu swali hili moja kwa moja, na sijawahi kulieleza kwa maandishi.

Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha redio miaka kadhaa iliyopita. Niliahidiwa mlezi wa kazi. Niliyepewa alinituma kununua vocha na chapati kwa miezi miwili, na siku niliyopewa kipindi ilikuwa kwa sababu mtangazaji mwenyewe hakufika. Nikapewa rekodi ya kikundi cha ngoma na karatasi yenye mistari mitatu, nikasoma hewani kwamba wimbo huo ni wa kumshukuru kiongozi fulani kwa kisima. Ulikuwa wimbo wa kumcheka. Kisima hakikuwahi kutoa maji. Kikundi kizima kilisikia, kijiji kizima kilisikia, na mama aliyeutunga alionekana mbele ya watu wake kama mtu aliyenunuliwa. Niliomba tupige simu na kusahihisha, nikaambiwa redio haisahihishi nyimbo.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku hizi nikisikia muheme kwenye sherehe za shule, bado huwa namtafuta mama yule kwa macho, ingawa najua hawezi kuwa pale.

Mdogo wangu, wewe una mlezi anayekurudisha kijijini mara tatu. Kaa naye. Lakini nenda ukasome.


Mhariri Mstaafu

Nimemsoma Fundi Ilimba na ninakubali kwamba amenipeleka mbele ya pale nilipokuwa nimesimama. Aya inayosema wimbo unahusu nini si maoni, ni dai, na dai huhakikishwa. Binti, waongezee hiyo.

Niongeze pia suala la maneno ya nyimbo, kwa sababu hakuna aliyeligusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaruhusu kunukuu sehemu ya kazi kwa kiasi kinachohitajika huku ukimtaja mwenyewe, na ina sehemu yake pia inayolinda sanaa za jadi za jamii. Usichapishe wimbo mzima. Chukua mistari unayoihitaji, utaje kikundi, utaje kijiji, na kama kuna mtunzi anayejulikana umtaje kwa jina endapo ameridhia. Dada wa Kongwa, pole sana. Hilo lilikuwa kosa la aliyekupa karatasi.


Msikilizaji wa Ng'ong'ona

Wakubwa zangu na dada yangu, ahsanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi nikiwa na la kusema.

Jumatano nilimweleza mlezi wangu habari ya mkono kwa urefu, kama Mzee Mhariri alivyonishauri, na nikamsomea maneno ya Fundi na ya Dada wa Kongwa. Alinyamaza kwa muda kisha akasema yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini, aliwahi kuandika kwamba wimbo fulani wa taarabu ni wa mapenzi kumbe ulikuwa wa majirani wawili waliogombania uzio, na kwamba amekuwa akilinda rasimu zake dhidi ya wenye nguvu kwa muda mrefu kiasi cha kusahau kuwa si kila anayeomba kusikia ana nguvu. Akaniruhusu niende na daftari. Masharti yake yalikuwa mawili: nieleze mapema kwamba uamuzi ni wangu, na nimpigie nikiwa bado kijijini iwapo kitu kizito kitatokea.

Jumamosi nilikwenda na yule mwenzangu. Wengi walikuwa ndio kwanza wametoka shambani, tukakaa chini ya mkwaju mpaka jua lilipopungua. Nikawaambia nilichokuja kufanya na nisichokuja kufanya. Mama kiongozi akasema, "Soma."

Makosa madogo yalikuwa mengi kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimeandika wapigaji 14, kumbe wawili walikuwa wageni waliokuja kumjulia hali mzazi na wakaamua kusimama na wenzao. Nilikuwa nimeandika kwamba wanaipasha ngozi moto ili ikauke, wakacheka, kwa sababu ngozi imekwisha kukauka zamani, inapashwa ili sauti ipande na ngoma zisikilizane. Mama mmoja nilikuwa nimempa jina la binti yake.

Tulipofika kwenye wimbo wa pili nikasoma aya yangu, niliyokuwa nikijivunia sana, kwamba wimbo unaeleza huzuni ya mfugaji aliyepotelewa na dume lenye pembe iliyopinda. Pakawa kimya, na baadaye mama mdogo kuliko wote akaangalia chini akijizuia kucheka. Mama kiongozi akanieleza polepole, huku mwenzangu akinitafsiria, kwamba hakuna dume. Pembe iliyopinda ni jina la utani la mtu, na mtu huyo yuko hai, anakaa nyumba ya nne kutoka pale tulipokuwa tumeketi. Alikwenda mjini kuuza zabibu za mke wake miaka mingi iliyopita na akakaa huko misimu miwili bila kuleta shilingi. Alirudi, wakapatana, wana wajukuu, na wimbo umebaki. Wanauimba hata akiwepo, naye hucheka, kwa sababu hapo uko kati yao. Mimi ningeuchapisha ukiwa na jina lile la utani na jina la kijiji, mbele ya watu wasiomjua.

Nilisimama nikaenda pembeni, nikampigia mlezi. Hakunihubiria. Aliuliza, "Je, fumbo linaweza kuelezwa bila jina?" Nikarudi nikawauliza wenyewe, wakashauriana kwa Kigogo, kisha wakasema linaweza: niseme ni wimbo wa mume aliyekawia mjini, nisitaje pembe. Aya imekuwa bora kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa inaeleza wanavyoweza kumwimba mtu mbele yake na bado wakaishi naye.

Palikuwa na jambo la pili ambalo halikwenda vizuri hivyo. Katika safari ya tatu mmoja wao alinieleza kwamba waliwahi kuitwa kupiga kwenye hafla fulani, wakasimama juani tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane, na malipo yao yakawa soda na biskuti. Nilipomsomea maneno yake aliniomba niyafute, akihofia kwamba hawataitwa tena. Wengine watatu wakasema yabaki, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa walichoka. Hapo nilikumbuka aya ya wacheza shoo iliyotoweka nikiwa fildi, na nilikumbuka pia kwamba huyu si meneja, ni mama aliyesimama juani. Nimeyaondoa maneno yake na jina lake, nikaiacha habari yenyewe kupitia wale watatu walioridhia, bila kuitaja hafla. Sijui kama ameridhika. Wakati wa kuagana alinipa mkono lakini hakuniangalia, na hilo ninalo mpaka leo.

Fundi, shikamoo, na ahsante kwa habari ya anayeitikia. Niliketi karibu na yule wa pili, nikafumba macho, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiruka. Nimejaribu kuandika hilo kwa sentensi tatu na nimezifuta zote mara kadhaa. Ya nne nadhani inakaribia.

Jana usiku nimemtumia mlezi makala nzima, maneno 1,900. Asubuhi amenipigia, na leo si Jumatano. Amesema aya ya moto ibaki kama ilivyo, aya ya soda iende juu zaidi, na kwamba atamwomba mhariri wa gazeti anitengee nakala tano za kupeleka kijijini. Kisha akaniuliza ule wimbo wa mwisho unaishaje, kama wanaacha wote kwa pamoja au ngoma moja inabaki ikipiga peke yake, kwa sababu hilo sikuliandika.

Nimefungua rekodi yangu. Inakatika kabla ya mwisho, pale nilipozima simu ili nipige makofi. Kesho saa tisa alasiri napanda gari la Chamwino.